Mtu Aliyewafundisha Wakulima Kukopeshana

Katika mazungumzo yetu tumezoea kutaja mbegu, mbolea na wadudu waharibifu. Leo tuyaweke hayo kando kidogo, tuzungumze habari za fedha ya mkopo. Maana mkulima anaweza kulima vizuri, akapalilia kwa wakati, akavuna, na bado akabaki maskini, kwa sababu mavuno yale yalikuwa yamekwisha kuwa ya mtu mwingine tangu yalipokuwa shambani. Aliyewahi kuuza mpunga ungali kijani, au kuweka rehani shamba lake kwa mkopo ule ambao watu wameupa jina la kausha damu, anajua vizuri tunachosema.

Jambo hili si geni, wala halikuanzia kwetu. Zaidi ya miaka 170 iliyopita wakulima wadogo wa Ujerumani walikuwa katika hali hiyo hiyo. Akatokea mtumishi mmoja wa serikali, mtu wa macho mabovu na mshahara mdogo, akatafuta njia ya kuwatoa. Jina lake Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Inafaa tuijue historia yake, na si kwa kumsifu tu. Mtu huyu alijaribu njia ya kwanza ikachoka, akajaribu ya pili nayo ikachoka, mpaka akaipata ile iliyodumu. Hapo penye kuchoka na kudumu ndipo penye somo letu.

Ujana wake

Raiffeisen alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 katika kijiji cha Hamm kando ya mto Sieg, kwenye vilima vya Westerwald, magharibi mwa Ujerumani. Wakati ule Ujerumani haikuwa bado nchi moja. Sehemu hiyo ilikuwa chini ya ufalme wa Prussia. Alikuwa mtoto wa saba kati ya tisa. Baba yake alikuwa mkulima, na kwa muda fulani alikuwa pia meya wa pale Hamm. Nyumbani hapakuwa na fedha ya kumpeleka kijana shule ya juu, kwa hiyo mchungaji wa kijiji ndiye aliyemfundisha zaidi.

Mwaka 1835, akiwa na umri wa miaka 17, aliingia jeshini. Huko akashikwa na ugonjwa wa macho ambao haukumwacha tena maisha yake yote. Mwaka 1843 ikambidi aache jeshi, akaingia katika kazi ya serikali, na mwaka 1845 akawekwa kuwa meya wa Weyerbusch.

Ndugu msikilizaji, cheo hiki cha meya kisikufanye ufikirie mji mkubwa wenye magari na taa. Weyerbusch ilikuwa ni vijiji vingi vidogo vilivyowekwa chini ya ofisi moja. Kazi ya Raiffeisen ilifanana zaidi na kazi ya katibu tarafa wetu. Ardhi ya vilima vile ilikuwa hafifu, baridi kali, na mashamba yalikuwa vipande vipande, kwa sababu kila mzazi alipokufa watoto waligawana shamba. Shamba lililomlisha babu halikuweza kuwalisha wajukuu.

Mwaka wa njaa

Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia katika viazi vya Ulaya. Ni ugonjwa ule ule ambao wakulima wa viazi wa Njombe na Mbeya wanaujua kwa machungu. Mwaka uliofuata nafaka nayo haikuzaa. Ilipofika majira ya baridi ya 1846 kuamkia 1847, watu wa Westerwald walikuwa hawana kitu ndani.

Serikali ilikuwa na unga katika maghala yake, lakini masharti yalikuwa kwamba unga utolewe kwa fedha taslimu. Sasa mtu mwenye njaa fedha taslimu ataitoa wapi? Raiffeisen aliwaita wenye uwezo wa vijiji vile, akawaomba wachange fedha katika mfuko mmoja. Kwa mfuko huo ukapatikana unga, likajengwa tanuri, ukaokwa mkate. Maskini walipewa mkate kwa bei nafuu na kwa mkopo, walipe watakapovuna. Kisha zikanunuliwa pia mbegu za viazi na nafaka, ili mwaka ule usizae njaa nyingine.

Hicho kilikuwa chama chake cha kwanza, kikaitwa chama cha mkate. Tuangalie jambo moja hapa. Mkate ule haukuwa sadaka. Ulikuwa ni mkopo, na mkopo wenyewe ulingoja mavuno. Wazo hilo la mkopo unaongoja mavuno tutalikuta tena mbele.

Ng'ombe wa mkopo

Mwaka 1848 Raiffeisen alihamishiwa Flammersfeld, si mbali na pale. Alikotoka na alikokwenda, alihimiza ujenzi wa barabara ya kuelekea mto Rhine, ili mkulima apate kufikisha mazao yake sokoni. Lakini huko Flammersfeld alikuta ugonjwa mwingine, nao haukuwa wa viazi.

Mkulima asiye na fedha alihitaji ng'ombe, kwa maziwa, kwa mbolea na kwa kuvuta jembe. Mchuuzi wa mifugo akamletea ng'ombe bila kudai kitu siku ile. Mkulima akafurahi. Lakini ng'ombe yule alibaki kuwa mali ya mchuuzi. Mkulima alimlisha na kumtunza, ndama walipozaliwa mchuuzi akachukua sehemu yake, na hesabu ya deni ikawa katika daftari la mchuuzi peke yake. Siku mkulima aliposhindwa, ng'ombe aliondoka, na mara nyingi kipande cha shamba kikafuata.

Tarehe 1 Desemba 1849 Raiffeisen aliwakusanya watu wenye mali wapatao 60, wakaunda chama cha kuwasaidia wakulima wasio na uwezo. Wenye mali hao waliweka mali zao zote kuwa dhamana kwa pamoja. Kwa sababu ya dhamana hiyo, chama kiliaminiwa na wenye fedha, kikapata kukopa kwa riba nafuu. Chama kilinunua ng'ombe, kikampa mkulima, naye akalipa kidogo kidogo kwa muda wa miaka mitano. Baadaye kikaanza kutoa mikopo ya fedha pia.

Kazi ilikuwa njema. Lakini ndugu, tazama jinsi chama kilivyosimama. Wenye mali ndio waliobeba hatari yote, nao hawakukopa. Maskini ndio waliokopa, nao hawakuwa wanachama. Mtu mmoja anabeba mzigo, mwingine anakula. Mambo ya namna hii huenda kwa muda tu.

Huruma inapochoka

Mwaka 1852 alihamishwa tena, akawa meya wa Heddesdorf, karibu na mji wa Neuwied kando ya mto Rhine. Mwaka 1854 akaanzisha huko chama cha tatu, na safari hii akakipa kazi nyingi: kutunza watoto waliokosa malezi, kuwatafutia kazi waliotoka gerezani, kununua mifugo kwa ajili ya wakulima, na kuendesha mfuko wa mikopo.

Miaka ilipopita, kazi zile zikafifia moja baada ya nyingine. Uliobaki hai ni mfuko wa mikopo. Hata huo, wenye mali walianza kuuchoka. Kila mwaka walitakiwa kudhamini madeni ya watu wengine, na wao hawakuona faida yoyote isipokuwa shukrani. Ukali wa njaa ya 1847 ulikuwa umekwisha kusahauliwa, na mtu akisahau njaa, mkono wake huwa mzito.

Raiffeisen alikuwa Mkristo wa dhati. Aliamini kwamba tajiri ana wajibu kwa maskini, na imani hiyo hakuiacha mpaka kufa. Kwa hiyo halikuwa jambo jepesi kwake kukubali kwamba chama hakiwezi kusimama juu ya huruma peke yake. Wakati huo kulikuwa na mtu mwingine, Hermann Schulze wa mji wa Delitzsch, ambaye tangu mwaka 1850 alikuwa akiwaunganisha mafundi na wachuuzi wa mijini katika vyama vya mikopo. Huko aliyetaka kukopa ilimlazimu kwanza awe mwanachama. Raiffeisen aliandikiana naye barua, akaisoma njia yake, akaipima na hali ya vijijini.

Mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kikageuzwa. Tangu hapo kikaitwa chama cha mfuko wa mikopo, na sharti kubwa likawa hili: akopaye awe mwanachama, na kila mwanachama awe mdhamini wa mwenzake. Mkulima akaacha kuwa mtu wa kuhurumiwa, akawa mwenye chama.

Chama cha wenyewe

Mwaka mmoja kabla, yaani 1863, Raiffeisen alikuwa amefiwa na mke wake Emilie, akabaki na watoto. Mwaka 1865, akiwa na miaka 47 tu, alistaafishwa kwa sababu ya afya na macho. Pensheni ilikuwa ndogo, ikambidi afanye biashara ya mvinyo apate kuishi. Macho yalikuwa karibu kufa kabisa. Binti yake Amalie ndiye aliyemsomea na kumwandikia. Katika hali hiyo, mwaka 1866 alitoa kitabu kinachoeleza namna ya kuanzisha na kuendesha vyama vya mikopo vijijini. Kitabu kikachapwa tena mara kadhaa, na vijiji vingi vikaanza kukifuata.

Haya basi, kanuni zenyewe zilikuwa zipi? Tuzitaje kwa ufupi.

Kwanza, chama kilikuwa cha eneo dogo, kama kijiji au parokia moja. Sababu yake ni kwamba watu wa mahali pamoja wanajuana. Wanajua nani anaamka mapema kwenda shambani na nani anaishia kilabuni. Benki ya mjini haiwezi kuyajua hayo hata ikiwa na makarani mia.

Pili, wanachama wote walidhamini madeni ya chama kwa mali zao zote. Mmoja akikimbia deni, wote wanaumia. Kwa sababu hiyo hakuna aliyekubali kumpitisha mtu mvivu au mlevi.

Tatu, mkopo ulitolewa kwa kazi inayozalisha, kama ng'ombe, mbegu, mbolea au zana. Mtu akiutumia vingine, chama kiliweza kuudai urudishwe.

Nne, viongozi walifanya kazi bila mshahara. Mhazini peke yake ndiye aliyepewa malipo, lakini hakuwa na kauli katika kuamua nani akopeshwe. Aliyeshika funguo za sanduku siye aliyegawa fedha.

Tano, faida haikugawanywa. Iliingia katika mfuko wa akiba ya chama ambao hakuna mtu aliyeweza kuugawana, ili mwaka mbaya ukija chama kiwe na pa kushika.

Vyama hivyo vilipokea pia akiba za wanakijiji, na vilinunua mbolea na mbegu kwa jumla ili kila mmoja apate kwa bei nafuu.

Ubishi juu ya muda wa mkopo

Raiffeisen na Schulze hawakupatana katika mambo yote. Ubishi wao ulikuwa mkali na uliendelea kwa miaka mingi. Schulze alitaka kila mwanachama anunue hisa, na mikopo iwe ya miezi michache tu. Alisema, mwenye akiba anaweza kuidai akiba yake wakati wowote. Sasa chama kikiwa kimeikopesha kwa miaka kadhaa, kitamlipa nini? Hilo ni swali la haki, na anayeendesha SACCOS leo hana budi kulijibu.

Raiffeisen naye alijibu kwa kalenda ya shamba. Fundi viatu akinunua ngozi leo, viatu vitauzwa mwezi ujao. Lakini mkulima akinunua ndama leo, maziwa yatakuja baada ya miaka. Ukimtaka alipe kwa miezi mitatu, umemlazimisha kumuuza ndama yule yule uliyemkopesha. Kuhusu hisa, alisema mkulima maskini mtaji wake ni uaminifu na mikono yake. Ukimwekea hisa kubwa mlangoni, umemfungia nje yule uliyesema umekuja kumsaidia.

Mwisho wake sheria iliwalazimisha watu wa Raiffeisen kuweka hisa, nao wakaziweka ndogo sana. Ili kujibu lile swali la akiba, Raiffeisen aliunda vyombo vya juu ambako chama chenye fedha ya ziada kiliiweka, na chama chenye upungufu kikakopa. Cha kwanza kilianzishwa Neuwied mwaka 1872, na mwaka 1876 ikafuata benki kuu ya mikopo ya wakulima. Msimu wa kijiji kimoja ukifidia msimu wa kingine, vyote vinapumua.

Raiffeisen alifariki Heddesdorf tarehe 11 Machi 1888. Mwaka uliofuata, 1889, Ujerumani ikapitisha sheria mpya ya ushirika iliyoruhusu dhamana yenye kikomo, kwa hiyo vyama vya baadaye havikulazimika tena kuweka rehani kila kitu cha kila mtu.

Mpaka kwetu

Wazo hili lilisafiri. Mwaka 1883 chama cha namna hiyo kilianzishwa Loreggia, huko Italia. Serikali ya Madras, India, ilimtuma ofisa wake Frederick Nicholson kuchunguza mambo ya mikopo ya wakulima. Taarifa zake za 1895 na 1897 zilieleza sana njia ya Raiffeisen, na mwaka 1904 India ikapata sheria ya vyama vya ushirika wa mikopo. Sheria ya ushirika ya Tanganyika ya mwaka 1932 ilifuata mfano wa India. Chini yake ndipo wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, waliokuwa wamejiunga tangu 1925, walipoandikisha chama chao kikuu cha KNCU mwaka 1933. Hicho kilikuwa chama cha kuuza kahawa, si cha kukopeshana, lakini mlango wa sheria ulikuwa ule ule.

Njia ya pili ilipitia Kanada. Mwaka 1900 Alphonse Desjardins, baada ya kusoma habari za vyama vya Ulaya, alianzisha mfuko wa akiba na mikopo katika mji wa Lévis. Kutoka Amerika ya Kaskazini mtindo huo ulikuja Afrika; mwaka 1955 chama kama hicho kilianzishwa Jirapa, kaskazini mwa Ghana. SACCOS zetu ni za ukoo huo.

Historia yetu wenyewe inathibitisha somo lile la Heddesdorf. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini Tanzania vilivunjwa na serikali, na sheria ya mwaka 1982 ndiyo iliyovirudisha. Mkulima aliyeyaona hayo alikuwa na haki ya kuuliza: hivi chama hiki ni cha nani? Maana chama kinachoanzishwa au kufungwa kutoka juu, mwanachama hukiona kama nyumba ya kupanga. Paa likivuja, anangoja mwenye nyumba.

Tupige hesabu kidogo

Tuseme mkulima wa mahindi amekopa shilingi 200,000 kwa mtu wa mtaani, kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi, naye atalipa baada ya miezi sita akishavuna. Kila mwezi riba ni shilingi 40,000. Miezi sita ni shilingi 240,000. Atalipa jumla ya shilingi 440,000, yaani riba imempita mama yake mzazi. Sasa tuseme amekopa kiasi hicho hicho katika chama chao kwa asilimia 2 kwa mwezi. Riba ya miezi sita ni shilingi 24,000. Tofauti ni shilingi 216,000, nayo inabaki nyumbani kwake. Kwa mkulima mdogo, fedha hiyo ndiyo mbolea ya msimu ujao.

Lakini riba nafuu haiji kwa kuombwa. Inakuja kwa sababu wanachama wanalipa kwa wakati, wanakagua vitabu, na hawamwonei haya ndugu wala kiongozi anayekimbia deni. Siku kikundi kitakapoanza kuona fedha ile ni ya mfadhili au ya serikali, deni litakuwa halilipwi, na mfuko utakauka kama ulivyotaka kukauka ule wa Heddesdorf kabla ya 1864. Fedha ya jirani yako ni ngumu kuila. Jirani utakutana naye kisimani kesho asubuhi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, mkulima akikosa fedha ya pembejeo huenda kwa nani, na hurudisha kiasi gani?

2. Je, marejesho ya mikopo ya kikundi chetu yanafuata kalenda ya mavuno, au yanatulazimisha kuuza mazao wakati bei iko chini?

3. Mwenye funguo za sanduku na mwenye kupitisha mikopo ni mtu mmoja au ni wawili?

4. Fedha ya kikundi chetu ikipotea leo, ni nani atakayeumia?

Lijadilini swali la nne kwa muda mrefu kuliko yote. Kama jibu ni "sisi sote", basi kikundi chenu kina msingi. Kama jibu ni "mfadhili" au "serikali", msivunjike moyo; anzeni kubadili katiba yenu mapema, kabla ya msimu wa kupanda. Afisa ushirika wa wilaya yupo kwa kazi hiyo. Mwiteni.